Muadhini na Dele la Mafuta ya Taa

Mtaani kwetu Ngamiani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe alimwita Muadhini, na yeye mwenyewe akibisha hodi mahali na kuulizwa ni nani, alijibu, "Muadhini," utadhani Tanga nzima ilikuwa na mmoja tu. Mimi niliolewa nyumba iliyopakana na yake nikitokea Moa. Ukuta wa uani tuligawana, kwa hiyo sauti yake niliijua kabla ya sura. Lakini nikimkumbuka sasa, simwoni akiwa msikitini. Namwona amechuchumaa kwenye kibanda cha makuti nyuma ya msikiti, kanzu ameikunja hadi magotini, amebana mwiko wa ugali kwa meno, ncha ya pili ya mwiko ameigusisha kwenye injini, na macho ameyafumba.

Mwiko ulikuwa wa mkewe. Muadhini alidai kwamba sikio linavurugwa na upepo na kelele za watu, lakini jino linapokea habari moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Mkewe alikuwa Mpemba, mwembamba, msema taratibu, na mtaa mzima tulimwita Bi Mpemba. Kila jioni aliusugua ule mwiko kwa majivu, na kila siku ugali wake ulikuwa na harufu ya gereji.

"Huyu anasikia valvu ikilia ndani ya chuma," aliniambia siku moja tukipepeta mchele. "Mie nikimwambia chumvi imekwisha, hanisikii."

Alisema akicheka. Nami nilicheka.

Miaka ile bomba la mji lilitoa hewa tu. Ukifungua asubuhi linapiga mluzi, ukifungua jioni halipigi hata huo mluzi. Madukani hakukuwa na kitu, sabuni ilikuwa foleni, sukari foleni, na petroli ilikuwa ni habari ya kusimuliwa. Kisima cha msikiti ndicho kilichotuokoa, lakini kilikuwa kirefu, na kamba yake ilichuna viganja. Bi Mpemba alikuwa na nyonga mbovu tangu zamani. Siku moja Muadhini akitoka kusali alimkuta mkewe amesimama katikati ya njia, ndoo kichwani, mkono ukutani, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Akaitua ile ndoo, akamwambia pale pale mbele ya watu kwamba kuanzia siku hiyo hatabeba maji tena maisha yake yote.

Wanaume waliokuwa barazani walicheka. Mwanamume kutoa ahadi kama ile hadharani, tena kwa mke wa siku nyingi, waliona ni kichekesho. Yeye hakucheka. Kesho yake alikwenda kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji, akarudi na mkokoteni uliobeba injini ndogo ya petroli pamoja na pampu yake, vimekula kutu, vimetupwa.

Injini aliifufua. Kazi ikawa kuilisha. Ndugu zangu wa Moa walikuwa wakivusha vitu vya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, na nilipomwambia kwamba naweza kumpatia petroli, alinitazama kama niliyemtemea mate.

"Maji ya udhu yavutwe kwa petroli ya magendo, mwanangu?"

"Na ile sabuni niliyokuletea juzi, uliyoogea?"

"Sabuni naogea mwenyewe, na dhambi yake ni yangu mwenyewe. Maji ni ya watu wote."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na sheria zake, na kila sheria ilikuwa na mlango wa nyuma ambao yeye peke yake aliujua.

Akaamua kwamba injini itakula mafuta ya taa. Hayo nayo yalikuwa ya shida, lakini kila nyumba ilikuwa na kidogo ya koroboi, na wanawake tulikubaliana: anayetaka kujaza ndoo bila kuvuta kamba aje na kikombe chake cha mafuta ya taa. Mitaa mingine walilala na taa. Siye tulilala gizani tukiwa tumeoga.

Tatizo, alivyonieleza, ni kwamba injini ya petroli haiwezi kuyachoma mafuta ya taa yakiwa baridi. Ni mazito, hayageuki mvuke upesi. Lazima yapashwe moto kwanza yafuke, ndipo yaingie. Basi akatafuta chombo cha kuyapashia, na hakutafuta mbali. Bi Mpemba alikuja Tanga na dele la kahawa la shaba la marehemu baba yake, lile dele la wauza kahawa, na hakuwa na kitu kingine cha kwao. Muadhini alilichukua, akaenda kulichomelea mdomo na kifuniko, akalifunga juu ya bomba la moshi, akaingiza mafuta upande mmoja na kutoa mvuke upande wa pili kwa mrija wa shaba. Moshi wa moto wa injini ukawa unalipasha dele, dele likawa linaipikia injini chakula chake.

"Hukuomba hata ruhusa," Bi Mpemba alimwambia.

"Nimelichukua kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana ungeomba."

Injini iliwashwa kwa petroli kidogo tu. Petroli hiyo ilitoka kwa mwenye duka la vyuma la mtaani, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mtu mnene wa huruma ambaye rafu zake zilikuwa tupu lakini pikipiki yake ilikuwa na mgao. Alikuwa akiinyonya kwa mpira na kumpa Muadhini kwenye chupa ya soda. Injini ikishapata moto na dele likachemka, Muadhini aliifunga petroli na kufungua mafuta ya taa. Hapo ndipo penye balaa. Ilikubali, ikakataa, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweupe ukatufukuza wote pale kisimani.

Nilimpenda zaidi wakati wa balaa. Ungesema mashine imeharibika, anachukia. "Haijaharibika. Inalalamika. Muulize kwanza." Huo ndio ulikuwa usemi wake kwa kila jambo, mtoto analia, mke kanuna, paa linavuja: muulize kwanza. Akafungua mrija kutazama kama mafuta yanafika. Akaitoa plagi, akailaza juu ya chuma, akavuta kamba kutazama kama cheche ipo, na rangi ya plagi ikiwa nyeusi ya masizi alijua mvuke ni mzito mno, ikiwa kavu nyeupe alijua injini ina njaa. Mwisho alichovya kidole kwenye maji na kudondosha tone juu ya dele. Tone likirukaruka na kutoweka, dele lina moto, fungua mafuta. Tone likikaa tu na kufuka taratibu, bado, subiri.

Ramadhani moja mafuta ya taa yalipokosekana kabisa alijaribu mafuta ya nazi. Mtaa wote ulinukia vitumbua. Watoto walikuja na sahani, na watu wazima waliofunga wakawa wanapita mbali wakimlaani kwa upole. Injini ilikwenda kidogo kisha ikaganda, na Muadhini akashinda akikwangua gundi kwenye valvu kwa wembe huku Bi Mpemba akimuuliza kama vitumbua vimeiva.

Alipenda kushukuriwa, nisimfiche. Maji yakitoka alisimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri kila mwanamke amwombee dua kabla hajaondoka na ndoo yake. Na sauti yake aliipenda. Umeme wa kipaza sauti haukuwa wa kutegemewa, kwa hiyo aliadhini kwa kifua chake, na adhana ya alfajiri aliivuta kuliko zote, ndefu, hasa pale anapowaambia watu kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Mume wangu alikuwa akigeuka kitandani na kunung'unika, "Tumesikia, mzee, tumesikia." Nyakati nyingine za sala aliadhini kama watu wengine. Sikujua kwa nini alfajiri tu.

Sasa nifike kwenye oili.

Petroli ya chupa ya soda ilikuwa chache na wanawake tulikuwa wengi, tumepanga ndoo, watoto migongoni, jua linapanda. Muadhini hakuwa na moyo wa kutusubirisha. Polepole akaacha kulisikiliza tone la maji. Likikaa tu juu ya dele bila kuruka, alisema inatosha, akafungua mafuta ya taa ili petroli ibaki ya kesho. Injini ilikohoa kidogo, ikaendelea. Maji yakatoka. Tukamwombea dua.

Halafu siku moja alipima oili ya injini na kukuta imepanda juu ya alama. Hakuna aliyekuwa ameongeza. Oili ya injini siku zile ungeitafuta Tanga nzima usiipate, na hapa, kwenye injini ya msikiti, ilikuwa inaongezeka yenyewe. Akapunguza, akapima tena baada ya siku chache, imeongezeka tena. Alitoka kibandani akiwa ameshika kile kijiti cha kupimia mbele yake. Baada ya sala ya alasiri watu walikwenda kutazama, mzee mmoja akasema hiyo ni baraka ya maji ya udhu, na hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Tulikuwa tumezoea kila kitu kupungua.

Muadhini akaanza kuigawa. Iliyozidi aliichota kwa kikombe: ya fundi cherehani, ya minyororo ya baiskeli, ya bawaba za milango. Watu walikuja na vichupa kutoka mitaa mingine. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Bi Mpemba aliipaka oili hiyo kwenye bawaba ya mlango wake, akanusa vidole.

"Muadhini, haya yananuka koroboi."

"Unanusa jiko lako."

"Muulize kwanza. Tia utambi uone."

"Baraka haitiwi utambi," alimjibu, na nilishangaa kwa kuwa hakuwahi kumjibu kwa ukali.

Siku ile ile, yeye akiwa msikitini, Bi Mpemba alimimina kidogo kwenye kisosi, akachovya uzi wa pamba, akawasha kiberiti. Uliwaka mara moja, na harufu ya koroboi ikajaa jikoni. Tuliutazama wote wawili. Kisha akauzima kwa vidole.

"Humwambii?" nilimuuliza.

"Nimeshamwambia mara moja. Mume akiwa na furaha, mara moja inatosha."

Mafuta ya taa yasiyoiva yalikuwa yanateremka kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Haikuwa oili inayoongezeka, ilikuwa oili inayozimuliwa, kama chai unayoiongeza maji ili wageni wote wapate. Mwisho wake ulikuwa mchana mmoja wa kawaida. Tulikuwa kwenye foleni. Injini ikaanza kugonga kwa ndani, Muadhini akapeleka mwiko mdomoni, na kabla hajaubana kwa meno ikakata. Alivuta kamba, haikusogea. Injini ilikuwa imenoki.

Aliifungua peke yake, hakutaka msaada. Oili ilimwagika nyepesi kama maji, na beringi zilikuwa zimekwanguka. Alikuja nyumbani na ile oili kwenye sahani, akasimama mlangoni mwa uani, nami nilikuwa pale nimekwenda kurudisha ungo. Alimwonyesha mkewe sahani tu.

Bi Mpemba alimpokea ile sahani. "Nenda kaoge," alisema. "Maji yamo ndooni."

Mwenye duka la vyuma alitafuta beringi, akaandika barua Dar, akawauliza jamaa zake wa Mombasa. Hakuna kilichopatikana. Muadhini akaanza kubeba maji mwenyewe, kwa mzega, madebe mawili yakining'inia huku na huku, na watu wale wale wa barazani wakamtazama. Bi Mpemba hakuweza kuvumilia hilo. Akamkatalia, wakagombana, Muadhini akashika msimamo wake kwamba aliahidi. Basi mkewe akawa anaiba. Yeye akitoka kwenda kuadhini alfajiri, Bi Mpemba anachukua ndoo na kwenda kisimani, anarudi kabla watu hawajatoka kusali.

Mimi ndiye niliyemkuta. Nilikwenda kisimani mapema kwa sababu mwanangu alikuwa na homa na nilihitaji maji ya kumkanda. Alikuwa ameanguka kwenye sakafu yenye utelezi ya ukingo wa kisima, mguu umekaa vibaya, ndoo imebingirika hadi kwenye kibanda cha injini. Ng'ambo ya ukuta Muadhini alikuwa anaadhini. Nilifungua mdomo nimwite. Bi Mpemba akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mwache amalize."

Nikachutama karibu yake. Alikuwa ameuma mtandio wake. Adhana ilikuwa ndefu, na sikuwahi kuisikia ndefu vile, na Muadhini alipofika pale pa usingizi aliivuta, akaivuta, na mkono wa Bi Mpemba ukawa unanibana kadiri anavyovuta. Alikuwa anasikiliza. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na bado alikuwa anasikiliza kama mtu anayehofu kukosa neno. Sauti ilipokata ndipo alipoachia pumzi.

"Sasa mwite," alisema. "Na akikuuliza, mwambie nilianguka alipokwisha kumaliza."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilala hospitali, akalala nyumbani, na hakusimama tena. Muadhini alimwogesha kwa mkono wake, akamlisha, na maji yote ya nyumba ile aliyabeba yeye. Bi Mpemba alifariki kabla ya mfungo. Tulimwosha kwa maji ya kisima kile, na mimi ndiye niliyemimina.

Baada ya hapo adhana ya alfajiri ikawa fupi. Watu walidhani ni uzee. Mume wangu, aliyekuwa akinung'unika, sasa alilalamika kwamba hasikii, anapitiwa na usingizi.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Vitu vilirudi taratibu, halafu vikafurika. Petroli ikawa ya kununua kama maandazi, mji ukajaa pikipiki na redio, rafu za duka la vyuma zikajaa hadi darini. Mwenye duka alimwita Muadhini siku moja nami nikiwa dukani nanunua misumari. Alimwekea mezani kiboksi kidogo. Ndani yake mlikuwa na beringi mpya, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, za injini ile ile.

"Zichukue, Muadhini. Ni zawadi yangu."

Muadhini alizifungua, akazigeuza mkononi kwa muda mrefu. Kisha akazifunga tena ndani ya karatasi yake, kwa uangalifu, kama alivyozikuta.

"Mwenye injini tumeshamzika," alisema.

Mwenye duka alitazama chini. Nami nikasahau kulipia misumari, wala hakunikumbusha.

Mume wangu alipofariki nilirudi Moa, kwa ndugu zangu, nikalima mboga. Mwanangu alininunulia mashine ndogo ya petroli ya kumwagilia. Miaka ikapita bila kumwona Muadhini, mpaka siku moja alipokuja Moa kwenye hitima ya jamaa yake. Alikuwa amekonda, na sauti imebaki ya kuongelea tu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaniitikia, akaniuliza habari za watoto, kisha akauliza ile inayonguruma kule bondeni ni nini.

Nikampeleka. Alichuchumaa, goti moja moja, na mimi nikazima mashine kwa sababu nilijua atataka kupima. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikifuta kwa upindo wa kanzu yake nyeupe, yeye ambaye hakuwahi kuiacha iguse hata vumbi la kibanda kile. Akasugua oili kwa vidole, akanusa.

"Imepungua," alisema.

"Mtoto ataongeza kesho."

"Vizuri. Ikipungua ni vizuri." Akakitazama kijiti. "Yangu ilikuwa inaongezeka, mwanangu, na mimi nikamshukuru Mungu."

Bondeni palikuwa kimya, maji yakimalizikia kwenye mifereji. Alikirudisha kijiti mahali pake, akaendelea kuitazama mashine, hakunitazama mimi.

"Nilikwambia siku zote, muulize kwanza. Kuna jambo sikuwahi kukuuliza. Marehemu aliniambia alianguka nikiwa nimeshamaliza kuadhini. Ulipomkuta, nilikuwa nimemaliza?"

Nilikumbuka nilivyoagizwa. Lakini aliyeniagiza alikuwa amelala kaburini, na huyu alikuwa mbele yangu na vidole vyenye oili, na alikuwa ameuliza.

"Ulikuwa hujamaliza," nilimwambia. "Nilitaka kukuita, akanizuia. Alisema nikuache umalize. Alikuwa anakusikiliza."

Alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Tulipooana aliniambia alfajiri niivute," alisema, "kwa sababu anakuwa jikoni anawasha moto, anataka moto uwake kabla sijanyamaza. Sikuacha hata siku moja." Alishika ukingo wa pampu ili ainuke, akashindwa, nikampa mkono. "Na siku ile pia, mwanangu, nilikuwa namvutia yeye."